Kalamu Nyekundu Ilipojisahau

Pale kwenye kampuni ya vitabu walimwita Mkasi, na jina lilimkaa kweli. Kazi yake ilikuwa kusahihisha miswada kabla haijapigwa chapa, na sentensi iliyopita mbele yake bila kunyolewa, basi hiyo ilizaliwa na bahati. Lakini alikuwa bado kwenye majaribio, na leo bosi ndiye angeamua abaki au afungashe virago.

Mtihani wenyewe ulikuwa muswada wa Gwiji. Lo! Mzee yule vitabu vyake vinagombaniwa, ila sarufi kwake ni nyumba ya jirani: anaingia bila hodi. Sentensi nyingine hazina vitenzi. Nukta anaweka akijisikia.

Asubuhi bosi aliingia na muswada kwapani, uso umekunjamana, Gwiji nyuma yake na fimbo.

"Hebu nieleze, dada," bosi alisema akiutupa mezani. "Kurasa za mwanzo umezichora utadhani umezichinjia kuku. Kuanzia anapoingia mjane, hakuna hata alama! Na makosa yamejaa tele. Ulilala?"

Mkasi akapekua. Mungu wangu, kweli tupu! Angeweza kusingizia homa, lakini uongo haukujua kumkaa mdomoni.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Gwiji kwanza, kisha akamgeukia bosi. "Sikulala. Nilisahau. Fundi saa alipokuja kumposa mjane, akaambiwa aoshe vyombo kwanza... nilitaka kujua kama ataviosha. Nikashtukia nimefika mwisho."

Gwiji alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Bosi wala.

"Mzee wangu, heshima yako iko palepale. Lakini huyu yuko hapa kusahihisha, siyo kustarehe. Makosa haya hata mimi nayaona nikiwa nimefumba jicho moja. Lete kalamu!"

Akavuta kiti. Akatia alama moja, akaguna. Akatia ya pili. Mkasi alisimama mikono nyuma, huku Gwiji akizichambua zile kurasa zenye wekundu.

"Hizi naziandika upya, mwanangu," mzee alimnong'oneza. "Hapa nilikuwa najitia ujuaji. Ukivunja sheria watu wakakuona unavunja, hiyo ni fujo tu."

Mkasi aliona raha kusikia hivyo, ila kauli ya mzee isingemwokoa. Mwenye rungu ni bosi.

Na bosi alikuwa anasoma. Alifungua ukurasa, akafungua mwingine. Kalamu ilikuwa imepanda nyuma ya sikio. Akatoa kicheko chembamba, akajiziba mdomo, mwisho akashindwa kabisa, mabega yakawa yanamtikisika.

"Sasa, bosi," Mkasi alijikaza, "nifungashe?"

"Hebu vuta kiti chako uendelee na kazi, dada, usinichanganye!" bosi alifoka bila kuinua macho. "Hapa mjane anataka kusema ndiyo."