Siku Kaka Alipotathminiwa

Kaka yake alipotolewa hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya miaka kumi na tisa, mshonaji hakupewa nafasi ya kufikiri. Serikali ilikuwa imekata kauli: wodi za kukaa miaka nenda miaka rudi zifungwe, wagonjwa warudi kwao na watibiwe mitaani. Muuguzi akamleta mpaka mlangoni, na mfuko wa nailoni wenye mashati mawili na mswaki.

"Huyu ni wako sasa, dada," alisema. "Sindano kila mwezi, vidonge kila jioni, na mimi nitapita kila Alhamisi."

Alhamisi mbili akapita. Ya tatu hakuonekana, maana alipewa mitaa kumi na mmoja na alikuwa na miguu miwili tu.

Nyumba ilikuwa ya kupanga: vyumba saba, bomba moja, bafu moja. Kila asubuhi ndoo ziligongana na watu wakatukanana mpaka mababu. Kaka alitazama siku nne. Siku ya tano, saa kumi na mbili kamili, wapangaji waliamshwa na mlio wa kijiko kwenye sufuria. Kwenye mlango wa bafu wakakuta karatasi imebandikwa: orodha ya vyumba, zamu, dakika saba kila mtu. Chini yake, kwa mwandiko wa kunyooka: *Tandika kitanda kwanza.*

Wakamwita Bwana Zamu. Wakamcheka, wakamlalamikia, na wakapanga foleni.

Mwaka ulipokatika zikaja habari kwamba wizara inatuma watathmini kuona kama mpango umefaulu. Mtaani habari ikaongezwa chumvi: atakayeonekana ameshindwa kuishi na watu, anarudishwa. Miezi ya mwanzo mshonaji angemfungia kaka mizigo kwa mikono yake mwenyewe. Siku hizi kaka aliketi pembeni ya cherehani, akishonea vifungo na kucheka peke yake kwa matangazo ya redioni, na akichelewa kurudi kutoka dukani, dada yake hushona huku anachungulia dirishani.

"Kaka, leo usimwamrishe mtu," alimwambia asubuhi ile. "Ukiulizwa, jibu kidogo."

"Nitajibu kidogo," alikubali kaka, akaenda kukaa langoni.

Mtathmini alifika saa nne. Alikuwa mwanamke wa makamo, kishikwambi kwapani, viatu vimejaa vumbi, macho mekundu. Kabla mshonaji hajaweka mkasi chini, alisikia sauti ya kaka:

"Wageni ni saa nane mpaka saa kumi. Lakini wewe huonekani mgeni, unaonekana umechoka. Kaa kwenye benchi. Jina?"

Mtathmini akakaa. Akataja jina.

"Umelala vipi jana?"

"Vibaya," alisema mtathmini. "Hii ni nyumba ya arobaini kwa siku tisa."

"Umekula?"

"Chai tu."

"Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

Mtathmini akafikiri kidogo. "Ya bosi wangu. Lakini huwa ni kwenye simu."

"Hiyo si ugonjwa," kaka alimtuliza. "Ila upumzike. Nusu saa, viatu nje."

Mshonaji alitokeza mlangoni akiwa tayari kuomba radhi, akakuta mtathmini anavua viatu. Alilala kwenye mkeka uani, kivulini mwa nguo zilizoanikwa, na kaka akasimama langoni muda wote kuzuia watu wasipige kelele. Nusu saa ilipotimia akamwamsha kwa kugonga benchi kwa kidole, taratibu, kisha akarudi kwenye vifungo vyake.

"Nilikuja kumhoji yeye," mtathmini alimnong'oneza mshonaji huku akifunga kamba za viatu. "Maswali yangu yote ameshayauliza."

Ikabaki kuwahoji majirani. Fundi redio wa chumba cha tano ndiye alikuwa na hamu ya kusema.

"Anatutesa," alisema. "Juzi nimekaa bafuni dakika tisa, akasimama mlangoni akasoma jina langu mbele ya watu. Mtu mzima mimi, nina wajukuu. Nimetoka na povu masikioni."

Mshonaji akainamisha kichwa. Mtathmini akaandika. "Kwa hiyo unashauri arudishwe hospitali?"

Fundi redio akamkazia macho kana kwamba amesikia watu wanataka kung'oa bomba.

"Arudishwe, halafu foleni aipange nani? Mimi nimesema anatutesa. Sikusema aondoke."

Mama wa chumba cha nne akadakia kutoka dirishani kwamba yeye mwenyewe anatandika kitanda siku hizi, na hajui hata kwa nini.

Mtathmini alihangaika na kishikwambi chake. Palikuwa na kisanduku cha mgonjwa anayesumbua jamii na kingine cha mgonjwa aliyepokelewa na jamii, na chombo kilikataa kuweka alama kote kuwili. Akamgeukia mshonaji.

"Dada, wewe niambie ukweli. Shida yako kubwa ni nini?"

Mshonaji alikuwa ameandaa majibu matamu usiku kucha. Yakamponyoka yote.

"Shida yangu si kaka. Dawa zimekatika zahanati mara mbili mwaka huu. Mara ile ya pili aliacha kulala, akawa anahesabu vigae vya paa, na mimi nikawa namshika mkono mpaka kunakucha. Muuguzi namwona nikimfuata mwenyewe. Mmemleta nyumbani, vizuri. Basi na hospitali nayo ingekuja kidogo nyuma yake."

Mtathmini aliandika yote hayo, neno kwa neno, kwenye nafasi iliyotakiwa ijazwe kwa maneno kumi.

Miezi mitatu ikapita. Alhamisi moja muuguzi akatokea, na pamoja naye muuguzi wa pili, mgeni, aliyegawiwa nusu ya mitaa yake. Mpango unaendelea, walisema, hakuna anayerudishwa wodini, na dawa za miezi miwili ziko zahanati. Kaka akawauliza kama wamejiandikisha.

Mshonaji akarudi kwenye cherehani. Siku hiyo alishona mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto, na ikabidi afumue.