Samaki wa Mwamba Gani?

Pale soko la Savusavu, kisiwani kwetu, meza yangu ya majimbi imepakana na ya Sailosi, muuza samaki. Jumamosi ile alileta changu wekundu, wanene, macho yanang'aa utadhani wangali hai. Wateja wakamzonga.

Kelera akaja na kikapu chake. Mama huyu hanunui samaki bila kumhoji muuzaji, na sisi sokoni tulishazoea kumwita Bi Polisi.

"Hawa wa mwamba gani?" akauliza.

"Wa baharini, shangazi," Sailosi akajibu. "Au ulitaka wa mlimani?"

Tukacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Kando ya Kelera alisimama Torika, bibi arusi wa juzijuzi, anayekwenda kuwapikia wakwe zake. Alikwisha chagua samaki mkubwa kuliko wote. Kelera akamshika mkono.

"Ngoja, binti yangu. Umeuliza?"

"Naona haya," Torika akasema kwa sauti ndogo. "Halafu si unawaona, wazima kabisa."

"Hata samaki wa mume wangu alikuwa mzima. Nilimpika mwenyewe kwa tui, akala akanisifu. Baadaye midomo ikaanza kumchonyota, miguu haimbebi. Akishika maji baridi anapiga yowe kama kashika kaa la moto. Mpaka leo hajarudi kuvua. Sumu ile haina harufu, binti, na moto hauiwezi. Huzuka zaidi mwamba ukivunjwa: huu unayo, wa jirani hauna. Sasa nisipouliza, nitajuaje?"

Kicheko kilitukauka. Apenisa mumewe tulikuwa tukimwona barazani kila siku, tukasema ni mvivu.

Sailosi alijifuta mikono kwenye aproni. "Shangazi, kusema kweli sijui. Nimewanunua kwa Maciu."

Akampigia simu huyo mvuvi palepale. Tukamsikia: "Karibu na gati jipya? Pale walipovunja matumbawe? Na hukuniambia, bwana wee!"

Akaanza kuwarudisha changu sandukuni, wateja wakinung'unika.

"Utalala njaa kwa maneno ya mwanamke?" mzee mmoja akamkejeli.

"Afadhali nilale njaa kuliko huyu binti azike wakwe kabla hawajamzoea."

Torika akacheka mpaka akajifunika uso.

Samaki wale Sailosi aliwafukia nyuma ya nyumba. Nasikia mkewe alimnunia vibaya sana. Jumamosi iliyofuata alileta vibua tu, wadogo, wa bahari kuu, mbali na miamba, akiwatangazia watu walikovuliwa hata kabla hawajamuuliza. Wengi walipita wakitafuta samaki wakubwa. Kelera alisimama, akanunua fungu, wakaongea kwa muda mrefu habari za Apenisa.

Torika naye akaja mezani kwangu, kakunja uso kama karani.

"Mama, majimbi haya ya shamba la nani?"

Miaka yote niliyouza, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikavuta kigoda, nikamwambia akae, nikaanza kumsimulia habari za bonde letu yanakolimwa.