Kipande cha Kona

Eleza tena, anasema, eleza tena tangu mwanzo, kana kwamba Goretti ni redio ya kubonyezwa, hadithi ameshaitoa jana mara moja na leo mara mbili na bado mtu anataka imiminwe upya kama chai ya thermosi, na kwa Kiingereza tena, Kiingereza ambacho yeye anacho cha jikoni na cha dawa na cha kumpeleka mtu msalani, cha kujitetea hana, shule yenyewe aliiacha darasa la tatu... simu ya nyumba ameilaza kwenye goti la kushoto, spika wazi, na ndani yake Queen, binti wa mzee anayetunzwa na Goretti, yuko ofisini kwake mjini, kwenye kazi yake ya serikali, anaongea polepole kama anayemlisha mtoto uji, "Miss Goretti, nataka kuelewa tu, nani mwingine huwa anashuka huko chini," na Goretti, amekaa kwenye kidato cha tatu cha ngazi za kushukia chumba cha chini, kwenye nyumba ya watu, Bowie, Marekani, saa tisa mchana, magoti yakiwaka moto, anajibu, "Hakuna mtu, Miss Queen. Mimi na Papa," na neno likishatoka anasikia alivyojifunga kamba kwa mkono wake mwenyewe, mimi na Papa, na Papa hawezi kujiibia, kwa hiyo amebaki nani... tiki tiki tiki tiki, hiyo ni treni, pale chini mzee anaendesha treni yake ya mchezo juu ya meza kubwa kama kitanda cha watu wanne, inapita kituo, inapita vijumba na miti ya sifongo, inaingia kwenye mlima wa karatasi, inatoka, inafika kwenye kona, na kwenye kona hakuna reli, kipande kizima hakipo, urefu wa kiganja na nusu, na mzee anaizima, anaiangalia, halafu anairudisha kinyumenyume na kuanza upya, "Goretti, imepita?" "Bado, Papa," amesema bado tangu saa nane, jana pia alisema bado, mzee hasikii vizuri, akicheza huvua vile vifaa vya masikio na kuviweka ndani ya kikombe kwa sababu anasema treni inampigia kelele, na hakumbuki, hilo ndilo linalotisha, kila siku anashuka na kukuta pengo kwa mara ya kwanza, kila siku uso unamwanguka vilevile.

"...kwa sababu nikiwapigia polisi," Queen anasema, "ni utaratibu tu, Miss Goretti, ni karatasi tu," karatasi tu, mtu aliyezaliwa na karatasi zake mkononi ndiye anayeweza kusema karatasi tu, Goretti karatasi zake alizingoja miaka kumi na mmoja kambini, na ile ya mwisho, ya uraia, mahojiano yake ni mwezi ujao, watamuuliza umewahi kukamatwa, umewahi kushukiwa, watabonyeza kidole chake kwenye kioo na kioo kitasema mwizi wa reli, bibi wa miaka sitini na nane aliiba kamchezo ka mzee mgonjwa, mrudisheni alikotoka, na alikotoka nani yuko, makaburi na watu wanaokalia shamba lake... simu ya goti la kulia inataka kuteleza, simu yake mwenyewe yenye ufa, anaishika. Humo ndimo lilimo soko la mtandaoni. Makena ndiye aliyemfungulia, Makena wa mlango wa pili kule Adelphi anakoishi, Mkenya, nesi, mdomo mrefu kuliko siku, kwake kila bibi ni Shosho, alimtengenezea jina na picha na kumwonyesha, "Shosho, unaandika train track, una-scroll, ukiona yenye inafanana una-click, hii maneno imeandikwa tayari, wewe finya tu," na kweli watu wanauza, hajawahi kuona, watu wazima wenye ndevu wanauza reli za watoto, za zamani, zilizotumika, moja moja, kwa boksi, kwa kilo, lakini zote ni nyeupe au nyeusi, na ya mzee ni ya shaba ya njano yenye mbao za rangi ya kahawa, aina ambayo hawatengenezi tena, inatoka tu mikononi mwa watu, kwenye dari za nyumba, wakifa... atainunua, atairudisha kimya kimya, treni itapita, basi, kesi imekwisha, ndivyo alivyopanga, mpaka Makena akacheka, "Ai, Shosho, usithubutu, ukirudisha ndio watasema ni wewe ulichukua, ukashikwa na uoga, ukarudisha," na kicheko chake kikamtoka Goretti upande wa pili kama sindano, kwa sababu hilo analijua, hilo amelila utotoni.

Baba yake alikuwa anatembea na nyundo kwenye reli ya Kalemie, kule Kongo, reli ya kweli, ya kuua ng'ombe, asubuhi anagonga kila bolti, ting, ting, anasikiliza kama daktari, na mwaka ule bolti zikaanza kupungua, mkuu wa kituo akamwita, Bwana, bolti zako ziko wapi, na yeye badala ya kukaa kimya akauza mbuzi wawili, akaenda sokoni kwa wauza vyuma, akanunua bolti mzigo mzima, akazifunga zote usiku mmoja kwa taa ya mkono, na asubuhi mkuu akasema, ahaa, kumbe ulikuwa nazo... miezi minne ndani, akatoka hana meno ya mbele, na paa jipya la mkuu wa kituo lilikuwa limekazwa kwa bolti za reli, kila mtu aliliona, watoto walilionyeshana kwa kidole, hakuna aliyemuuliza mkuu hata siku moja aeleze... "Miss Goretti, uko hapo?" "Niko." "Siku ya Jumatatu ulifanya nini huko chini?" Jumatatu, hapo sasa, kwa sababu Jumatatu aliinua ile kona, ni kweli, aliinua afagie chini yake, vumbi lilikuwa la aibu, na akairudisha, aliirudisha, mkono wake unakumbuka ule mlio mdogo wa kuingia, au unakumbuka mlio wa siku nyingine, na Jumanne alitoa taka, mfuko ulikuwa mzito, alijisemea, huu mbona mzito, akautupa... kwa hiyo huenda ni yeye, huenda hakuiba ila kichwa kimeiba, huenda kichwa kinaanza kutoka kama cha mzee, kimoja kinakilinda kingine na vyote vinavuja, na hilo linamtisha kuliko polisi, polisi unaweza kuwaona wakija... tiki tiki tiki, kimya. "Imepita?" "Bado, Papa." "Nimeiweka wapi mimi," mzee anaiuliza meza, "nimeiweka wapi, mjinga mimi," na anajipiga paji la uso kwa kiganja, polepole, mara mbili, kama anayebisha mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Anasogeza kidole. Nyeusi, nyeupe, nyeusi, boksi limelowa, mwanaume na paka, nyeupe, na hii... ya njano. Anasimamisha. Shaba ya njano, mbao za kahawa, kona, vipande viwili vilivyonyooka na daraja moja, Bowie, dola arobaini, ukichukua leo, na jina la muuzaji si jina ila picha ya ua, na maneno marefu chini ambayo simu inayageuza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, *tunasafisha nyumba ya baba kabla ya kuuza, vitu vingi vya treni vinakuja, tafadhali kuwa mwema*, maskini, baba wa mtu huyo, hata yeye amekufa, Goretti anafikiri, moyo unaruka kwa furaha kama wa mwizi kweli, arobaini anazo, ziko kwenye soksi, atachukua leo, Makena aseme atakavyo, na anaikuza picha kwa vidole viwili aone kama meno ya reli ni yale yale... na hapo haangalii tena reli. Anaangalia kitambaa kilicho chini ya reli. Kijani. Tausi wa njano. Kitenge. Kitenge cha akina mama wa parokia, cha jubilei, waliagiza kwa pamoja ili wote wavae sare, na cha kwake kilikuja na kasoro, mashine iliruka kidogo tu, tausi mmoja kwenye kona ya pisi hana kichwa, shingo inapanda inapanda halafu hakuna kitu, na yeye, Mungu amsamehe au asimsamehe, alikata pisi katikati, nusu nzima akajishonea, na nusu yenye yule tausi akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wenye utepe, akampa Queen siku ya Noeli, akajisemea, huyu hataona, Wamarekani hawaangalii ndege. Na kweli hakuona. Yuko pale kwenye picha, tausi asiye na kichwa, na kona ya mzee imemzunguka shingo kama mkufu.

"...mimi sikushtaki, elewa hilo, mimi nataka tu uniambie ukweli," Queen anasema kwenye goti la kushoto, na Goretti anahisi baridi ikimpanda kutoka kwenye kidato, si furaha, nani kasema ukijua unafurahi, kujua ni kubaya zaidi, asiyejua wanaweza kumfukuza tu, anayejua lazima wamzibe mdomo, baba yake pia alilijua lile paa... anasafisha nyumba ya baba, baba hajafa, baba yuko pale anasukuma treni, nyumba inauzwa na mzee anapelekwa kwenye nyumba za wazee na hajaambiwa, wala Goretti hajaambiwa, kazi yenyewe imekwisha, anaililia kazi iliyokwisha, na yule binti ameanza kuuza vidogo vidogo akidhani mzee hatagundua, na mzee, aliyesahau jina la mkewe, kona hakuisahau, na ikawa rahisi kutafuta mwizi kuliko kumwambia. Au si yeye. Huenda kitambaa alikigawa, huenda kiko kwa mwingine, Bowie ni kubwa, usikimbilie, bibi, umezeeka, sasa hivi tu ulikuwa unakubali kwamba umetupa. Kidole kiko juu ya lile neno lililoandikwa tayari. *Bado ipo?* Akibonyeza, jina lake litakwenda, na picha yake, na kwenye picha hiyo, aliyopigwa na Makena siku ya jubilei mlangoni mwa kanisa, amevaa nusu ya pili ya pisi, tausi wote wana vichwa. Akibonyeza hakuna kurudi. Anabonyeza.

Kwenye goti la kushoto, ndani ya simu ya nyumba, mbali, kwenye ofisi ya mjini, kitu kinalia, ting.

Kama nyundo ya baba. Queen bado anaongea, "...na kama uliiona ukadhani haina maana, hilo pia naweza kulielewa," Goretti anatafuta kile kidole gumba cha bluu ambacho Makena hutuma kwa kila kitu, anabonyeza, ting, na tena, ting, anasikiliza kama daktari, na ya tatu ndiyo inayomkata Queen sentensi katikati, linasikika kiti kikisogezwa, kipanya kikibofya mara moja, halafu hakuna, pumzi tu, pumzi ya mtu anayeangalia bibi aliyevaa kijani mlangoni mwa kanisa. Goretti anaogopa bado, anaweza kufukuzwa kabla giza halijaingia, mwanamke yule ana wanasheria na magari na jina linalotamkika, lakini woga umebadilika, sasa unatoka pande mbili za simu, anausikia wa mwenzake ukipumua. Tiki tiki tiki. Kimya. "Goretti, imepita?" "Bado, Papa."

"Miss Goretti," Queen anasema, na sauti imekuwa ya mtoto aliyevunja bakuli, "tafadhali. Usimwambie Baba."

"Mimi simwambii," Goretti anasema, kwa Kiingereza chake cha jikoni, neno moja moja kama anayehesabu vidonge. "Mimi nimeeleza mara tatu. Nimechoka. Eleza wewe."

"Hataelewa. Ataumia, halafu kesho atakuwa amesahau."

"Ndiyo. Na kesho saa nane atashuka tena, atauliza tena. Mimi nitakupigia. Keshokutwa nitakupigia. Utamweleza kona, utamweleza nyumba. Kila siku, Miss Queen, mpaka siku ya kuhama, kwa mdomo wako." Anamwangalia mzee pale chini, mkono juu ya swichi, anaingoja kona ijitokeze. "Masikio yake yako kwenye kikombe. Nimvishe?"

Mashine ya karatasi inakoroma huko ofisini, mtu anacheka mbali.

"Mvishe," Queen anasema.