Palipoandikwa Rudi

"Usiniulize kitu, Mama Muiruri. Soma mwenyewe, bonyeza penye unaona panafaa. Mimi nitaangalia tu."

Shital alisema hivyo, akanyamaza, kalamu mkononi. Kazi yenyewe ilitaka hivyo: anayejaribu tovuti hasaidiwi, hata akikwama. Alikuwa ameitengeneza nyuma ya duka la babake, mjini Nakuru, kwa ajili ya watu waliopotezana na jamaa zao katika vita vya uchaguzi. Kabla ya kuifungulia watu, alitaka kuona kama mtu asiyejua kompyuta ataiweza. Kwa hivyo akamwita Wangu wa Dundori, aliyewaletea viazi nyumbani tangu Shital akiwa nasari.

Hayo yote Wangu alielezwa. Aliyasikia? Aliyasikia kwa sikio moja. Lingine lilikuwa kwa Muiruri, mwanawe wa pekee, aliyepanda lori la viazi kwenda Kericho wiki ile ya kura, na sasa mvua ya Aprili imeanza na hakuna anayejua alipo. Simu yake haishiki. Mochari zote Wangu alizizunguka, na kila alipotoka bila kumwona alishukuru na kulia kwa pamoja. Sasa mama kama huyo umwambie kuna mashine ya kutafuta watu, halafu utegemee alisikie neno "majaribio"? Wee!

Aliandika kwa kidole kimoja, kila herufi akiikagua kama kiazi cha mbegu. Jina. Umri. Alionekana wapi mwisho. Palipoandikwa Ujumbe akakaa kidogo, kisha akaandika: *Muiruri ni mama. nyumba haikuchomwa. shamba tumepanda.*

Chini yake palikuwa na sehemu mbili za kubonyeza. Moja iliandikwa Tuma, nyingine Rudi.

Tuma? Amtume wapi tena? Si ni yeye aliyemtuma na yale magunia, kijana akisema mama, tungoje kwanza kura ipite, naye akamwambia viazi havingoji kura? Kutuma kulimtosha. Akasukuma mausi polepole hadi kwenye Rudi, akabonyeza kwa nguvu.

Maandishi yakatoweka, ukurasa ukabaki mtupu.

"Imeenda," alisema, na uso wake ukafunguka.

Lakini mtu aliye mbali haitwi mara moja. Akaandika tena, akabonyeza Rudi tena. Alipoanza mara ya tatu, Shital aliweka kalamu chini. Alishindwa kuvumilia.

"Mama, hapana. Hiyo Rudi ni ya kurudi nyuma. Inafuta."

"Inafuta nini?"

"Ile umeandika. Yote."

"Si nilikuwa namwambia arudi?"

Msichana alifunika mdomo kwa mkono. "Si wewe umekosea, mama, ni mimi. Hilo neno nitalibadilisha leo leo. Na hata ungebonyeza Tuma... bado haiendi popote. Ni ya kujaribu tu, si nilikuambia?"

Wangu hakupiga kelele. Uchungu ulimshika chini ya kitovu, mahali palepale ulipomshika siku ya kumzaa, akainama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikagusa meza. Aliona aibu kwamba alikuwa amefurahi.

"Haiya," alisema. "Nilidhani amesikia."

"Pole, mama. Pole sana."

"Usilie, msichana wangu. Wewe huna makosa." Akajipangusa macho kwa ncha ya leso, akajiweka sawa kwenye kiti. "Haya, nionyeshe ile ya kumwambia arudi."

Shital aliutazama ukurasa alioutengeneza kwa mikono yake, juu mpaka chini, kisha juu tena.

Wangu hakumngoja. Alishika mausi, akaanza kubonyeza kwenye weupe, taratibu, mahali ambapo hapakuwa pameandikwa kitu.