Nguzo ya Upande wa Jikoni

Jumamosi hiyo alasiri Agnela na Elinami walishusha kabati la spika kutoka kwenye kirikuu, wakaliingiza kwa mlango wa nyuma wa ukumbi wa Mama Fransiska, kule Sombetini. Lilikuwa zito kama jokofu na halikuwa na magurudumu. Jikoni ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, alikuwa anageuzwa. Ukumbini wasichana walikuwa wanafunga riboni za zambarau kwenye viti, na juu ya ngazi alisimama mpambaji, Evaresta, mdomo umejaa pini.

Kabati lilikuwa la Agnela. Alilinunua kwenye baa moja ya Elerai iliyofungwa, spika yake ikiwa imechanika, akalipeleka kwa fundi. Muda wote kabla ya hapo alikuwa anapiga gitaa lake la besi kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi, ambayo sauti za juu ilizitoa vizuri na za chini ilizimumunya kama kibogoyo. Elinami, mpiga kinanda na kiongozi wa bendi, hakuona ubaya wowote. Alisema watu wa harusi hawasikilizi besi. Agnela alimjibu kwamba besi haisikilizwi, besi hukaliwa kama kiti, na hakuna anayekitazama kiti mpaka kiondolewe.

Alichomeka kebo. Akapunguza sauti za juu, za kati akaziacha zilipo, za chini akaziongeza taratibu. Kisha akajaribu uzi mmoja mmoja. Uzi mwembamba haukufanya kitu. Uliofuata ulitikisa glasi mezani. Ulipolia wa tatu, rangi na lipu ya nguzo ya upande wa jikoni vikawa vyepesi kama karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta, na kokoto zikaonekana. Agnela akapiga uzi mnene, bila kuubana kwa kidole, akauacha ulie. Nguzo yote ikawa angavu kama chupa ya maji.

Ndani yake mlikuwa na kokoto, nondo chache kuliko ilivyopasa, mfuko wa saruji uliokunjwa, na mwanamume. Alikuwa amesimama, amevaa gambuti na kofia nyekundu ya sufu. Mkono mmoja alikuwa ameuinua juu ya kichwa, kama mtu anayepokea ndoo. Macho yake yalikuwa wazi. Sauti ilipofifia, zege likarudi kuwa zege.

"Rudia," alisema Evaresta kutoka juu ya ngazi. "Sikuona vizuri."

Agnela akarudia. Evaresta akajaribu kubandika kitambaa, kikateleza. "Ikiwa hivi pini hazishiki," alisema. "Piga nikishamaliza."

Mpishi, Manase, alitoka jikoni akijifuta mikono. Wakati wa ujenzi yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia mafundi. Alimtazama yule mtu tangu miguuni mpaka kichwani.

"Huyu ni Lomayani," alisema. "Kibarua wa zege. Alikuwa anapenda kuniomba chumvi ya kulia parachichi. Tuliambiwa amekwenda Mererani, machimboni."

Wakamwita Mama Fransiska. Alishuka kutoka ghorofani na funguo zake mkononi. Alikuwa mama mwema. Mfanyakazi wake akifiwa, yeye ndiye aliyetoa mchele, na hakuwahi kumfukuza mtu aliyefika mlangoni na njaa. Akamwomba Agnela apige tena.

"Maskini," alisema. "Na mimi mkandarasi aliniambia kijana ametoroka kazi." Akamgeukia Evaresta. "Izungushie kitambaa mara mbili, mwanangu. Upande wa bwana harusi wameshafika Kisongo."

Harusi ilikuwa nzuri. Kila Agnela aliposhuka hadi kwenye uzi mnene, kitambaa cha nguzo kiliwaka kidogo na kivuli cha mkono ulioinuliwa kikaonekana. Wageni waliipenda ile nguzo, wakapanga foleni kupiga picha mbele yake. Shangazi wa bibi harusi alimuuliza Evaresta pambo lile linakodishwa wapi.

Kesho yake, baada ya ibada, Agnela alipanda bodaboda kwenda ng'ambo ya Kisongo, kwenye boma alikoelekezwa na Manase. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu na vumbi la mahindi yaliyovunwa lilikuwa linakimbia shambani. Alimkuta Namnyaki, mke wa Lomayani, ameketi mlangoni anasugua kibuyu cha maziwa.

"Takwenya," Agnela alimsalimia kwa Kimaasai chenye lafudhi ya Kichaga.

"Iko. Karibu."

"Nimetoka mjini, kwenye ukumbi wa Sombetini. Napiga muziki pale. Nimemwona mume wako."

Namnyaki hakuinua macho. "Yuko na mwanamke gani?"

"Hana mwanamke. Yuko ndani ya nguzo."

Namnyaki akaendelea kusugua kibuyu mpaka upande ule ukaisha, akakigeuza.

"Amevaa kofia?"

"Amevaa. Nyekundu."

"Ina kitundu hapa, juu ya sikio?"

"Sikuangalia, dada."

"Ina kitundu. Niliifuma mimi. Asubuhi ile nilimwambia aivue niishone, akasema gari la mafundi litamwacha."

Tangu asubuhi hiyo mama mkwe wake alikuwa akisema, kwa kila aliyetaka kusikia, kwamba ulimi wa Namnyaki ndio uliomfukuza Lomayani nyumbani. Ng'ombe wa maziwa alihamishiwa zizi la shemeji. Namnyaki alikuwa na mimba, na wanawake walikuwa wananyamaza kila alipofika bombani. Alijifungua mtoto wa kike, akamwita Naserian, na hakuna mtu wa upande wa baba aliyekuja kumwona mpaka alipoanza kutembea.

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa uzio, anapukuchua mahindi, na maneno yote aliyasikia. Akaweka gunzi chini, akaingia ndani. Kesho yake asubuhi ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye zizi la Namnyaki.

Walikuja mjini pamoja, mke na mama, siku ambayo ukumbi haukuwa na shughuli. Agnela alisogeza kabati karibu na nguzo, akapiga uzi mnene. Kitundu cha kofia kilikuwepo, juu ya sikio. Namnyaki aliweka kiganja kwenye nguzo, usawa wa kifua cha mumewe, akaanza kuongea Kimaasai, taratibu, bila kupandisha sauti. Agnela hakuielewa lugha ile. Kazi yake ilikuwa kupiga uzi upya kila ulipoanza kulegea, na aliifanya mpaka vidole vikawaka moto.

Mama mkwe alisimama nyuma, amejifunga shuka. "Anasikia?" aliuliza.

"Sijui, mama," alisema Agnela.

"Basi usiache kupiga."

Polisi walikuja. Wakamwomba Agnela apige, wakakubaliana kwamba aliyemo ni mtu, wakauliza jina lake linavyoandikwa. Baada yao akaja mhandisi. Aligonga nguzo kwa nyundo ndogo, akatega sikio, akaelekeza kidole juu. Nguzo imebeba boriti, alisema, boriti imebeba ghorofa, na kwa kuwa nondo hazikutosha, haiwezekani kuitoa nguzo hiyo hata kidogo.

"Kitaalamu," aliongeza, akikunja futi yake, "huyo aliyemo naye anasaidia."

Mkandarasi alipigiwa simu. Alipokea vizuri, akasalimia, akasema yuko saiti anajenga bweni la wanafunzi na hawezi kuondoka katikati ya zege, lakini atakuja. Hakuja. Agnela alitafuta bweni hilo liko wapi, akapakia kabati kwenye kirikuu, akaenda kuzijaribu nguzo za huko. Getini mlinzi alimwambia kwa adabu kwamba pale hapapigwi muziki.

Mama Fransiska aliwaita ndugu wa Lomayani, akawaandalia supu, akalia mbele yao. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Aliwaambia kwamba ukumbi huu ndio uliobaki baada ya mumewe kufariki, kwamba akiubomoa, yeye na wafanyakazi wake wote wataingia mtaani. Asingeweza kuwapa nguzo. Ila angewapa kipande.

Wazee walitoka nje wakashauriana. Waliporudi, wakakubali, kwa sababu mtu hawezi kukaa bila kaburi, na kipande ni bora kuliko maneno. Fundi alikuja na tindo, akamega pembe ya nguzo, kipande kama mkate wa boflo. Ndani yake ulikuwa umenasa uzi mmoja wa sufu nyekundu. Wakakifunga kwenye shuka. Mchungaji alikizika nyumbani, ng'ambo ya Kisongo, kwa ibada kamili, na jina la marehemu likasomwa. Mama Fransiska alileta mchele na soda, akatupa udongo kaburini kama wengine. Kule ukumbini, pengo la nguzo lilikuwa limepigwa lipu na rangi kabla jua halijazama.

Wiki iliyofuata Elinami alimwita Agnela kwenye kibaraza cha ukumbi.

"Mama ana ombi," alisema. "Kwenye sherehe tutumie amplifaya ile ndogo. Watu wanakuja kufurahi."

"Na sauti yangu?"

"Dada, kumbi nyingine zimeshahamia kwenye muziki wa kompyuta. Tukimkosa huyu mama, tutapiga wapi?"

Agnela alitazama barabarani. Alikuwa ameitamani sauti ile tangu alipoanza kupiga kwenye kwaya ya vijana, na alikuwa ameipata, na ilikuwa kama alivyoifikiria.

"Ile kubwa nitaiwasha tunapojaribu sauti," alisema mwishowe. "Kila Jumamosi, kabla ya wageni. Na mke wa Lomayani aingie."

Elinami akaenda kumuuliza Mama Fransiska, akarudi. "Amesema hilo halina shida. Ila apite mlango wa jikoni."

Basi ikawa hivyo. Kwa ajili ya sherehe Agnela alifanya kila anachojua mpiga besi mwenye spika ndogo. Aliiweka amplifaya sakafuni, kwenye kona, ili kuta zimsaidie. Alipiga karibu na shingo ya gitaa, kwa nyama ya kidole gumba. Alitoa nyuzi za zamani, akaweka zilizoviringwa laini, zisizolia kidole kinapoteleza. Hakuna kamati ya harusi iliyolalamika. Wageni walicheza. Ni yeye tu aliyejua kwamba chini hapana kitu.

Namnyaki alikuwa anakuja Jumamosi na maziwa ya kumpa Manase. Agnela akiwasha kabati, yeye husimama penye nguzo na kumpa mumewe habari: ng'ombe amezaa dume, mvua za vuli zimechelewa, mama yake anaumwa goti. Wahudumu walipita na sinia, wakisema "samahani shemeji". Walimzoea Lomayani. Evaresta alimsalimia kila alipokuja kumfunika, na siku ya harusi yenye rangi aliyoipenda yeye Evaresta, alimwambia.

Mwezi wa Desemba, wakati Wachaga wote wa mjini wanakwenda kwao na kumbi zimejaa harusi, Namnyaki alikuja na Naserian. Mtoto alivaa gauni jipya na viatu vilivyokuwa vikubwa kidogo. Januari angeanza shule, na mama yake aliona ni vizuri aanze akiwa amemwona baba yake.

Agnela alianza na uzi mwembamba, mtoto asishtuke. Akashuka taratibu, uzi kwa uzi. Nguzo ikawa angavu. Naserian aliinua uso, akamtazama yule mtu kwa muda.

"Yeyo, ndiye huyu?" alimuuliza mama yake.

"Ndiye."

"Mbona hatoki?"

Namnyaki alimtengenezea ukosi wa gauni.

"Yuko kazini," alisema.

Mtoto aliridhika. Alisogea mpaka viatu vyake vikagusa nguzo, akainamisha kichwa, kama watoto wa kwao wanavyowasalimia wakubwa, akangoja kuguswa utosini. Nje msafara wa bibi harusi ulianza kupiga honi. Evaresta alikuwa ameshafika na kitambaa begani, akasimama kando. Sauti ilianza kulegea, na Agnela akapiga uzi mnene tena, halafu tena. Naserian hakuinua kichwa.

Namnyaki akanyoosha mkono wake mwenyewe, akamgusa mtoto utosini, akamshika bega, wakatoka kwa mlango wa jikoni. Evaresta akaanza kufunika kuanzia chini. Agnela akachomoa kebo kwenye kabati, akaichomeka kwenye amplifaya ndogo.