Dereva wa Daku

Kwa miaka saba nyumba ya Nasrudin pale Bondeni ilikuwa na sheria moja tu: mchana hakuna kelele. Mkewe, Kuluthum, alibeba kinu chake akaenda kutwangia vitunguu saumu kwa jirani. Binti yao, Najwa, alijifunza kufunga mlango kwa vidole viwili. Dirisha la chumba cha kulala lilizibwa kwa blanketi la kijivu, na ndani yake alilala baba mwenye nyumba, siku zile mbili tatu za wiki alizokuwa Nakuru, macho mekundu kwa barabara ya Mombasa na Malaba. Jua likishuka alioga, akanywa chai, akaondoka. Kuluthum alipoulizwa mumewe yuko wapi alijibu, "Yupo, lakini hayupo," na wanawake wenzake walielewa.

Pesa zilikuwepo, tusidanganyane. Kila usiku barabarani ulikuwa na posho yake juu ya mshahara. Kwa posho hizo walinunua friji, kisha wakaanza kulipia kiwanja kule Gilgil, futi hamsini kwa mia, chenye mti mmoja wa mwiba na matumaini mengi.

Mwezi wa tisa mwaka 2007 gia za trela aliyoendesha zikafa. Balwant, Singasinga mwenye malori, ambaye ujanani aliwahi kushika usukani mwenyewe na bado alitembea kama mtu anayeshuka kwenye lori, alimwita ofisini.

"Nasru, sikiza vizuri. Kuna trela mpya inatoka bandarini baada ya Idd. Laini ya Kampala, usiku kwa usiku. Ukiitaka ni yako, na pesa nitaongeza. Saa hii chukua ile Isuzu, beba ngano kutoka Njoro ulete kwa kinu cha unga hapa town. Kazi ya mchana. Hiyo pia ukiipenda ni yako, lakini mshahara wake ni wa mchana, unaelewa?"

"Ngapi, boss?"

"Elfu kumi na tatu."

Trela mpya ilikuwa ishirini na tano. Nasrudin alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole na rafiki.

"Nijibu kabla ya Idd," Balwant alisema.

Basi Ramadhani ikaingia wiki ile ile, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba ikamkuta Nasrudin nyumbani. Msafiri ana ruhusa ya kula, akalipa siku zake baadaye, na yeye alikuwa akizilipa moja moja miezi mingine, peke yake ndani ya kebini, wenzake wakitafuna nyama choma Salgaa. Sasa angefunga na watu wake. Alifurahi hata akanunua kofia mpya.

Furaha ilidumu hadi saa nne za usiku. Alilala chali kando ya mkewe, akafumba macho, na macho yakafumbuka yenyewe. Saa sita, saa saba, saa nane. Mwili ulikuwa bado kazini. Alikuwa akitazama dari na kujiambia, saa hii ningekuwa napanda Timboroa, saa hii ningekuwa nasimama kupima matairi. Miguu yake ilitafuta klachi ndani ya shuka. Kuluthum akapigwa teke, akahamia ukingoni bila kulalamika.

Usingizi ulimjia mchana, pale pasipotakiwa. Katika foleni ya malori nje ya kinu cha unga aliangukia usukani akakoroma, mpaka Achola, mama mlinzi wa lango, akaja kugonga mlango kwa rungu lake.

"Mzee! Laini imesonga! Wewe unalala kama umelipwa!"

Usiku wa tatu alichoka kutazama dari akatoka nje. Barabarani alimkuta Mzee Ishak akichechemea na debe tupu la mafuta ya kupikia, akienda kuuamsha mtaa kwa daku. Kazi hiyo aliifanya tangu Nasrudin akiwa mtoto, lakini mwaka ule goti lilikuwa limemgomea.

"Lete hapa, mzee wangu," Nasrudin alisema. "Mimi niko macho tu."

Akachukua debe, akachomoa spana ya magurudumu kwenye Isuzu, akaanza. Wazee wa zamani waliamsha kwa kasida. Nasrudin hakujua kasida hata moja, alijua barabara. Saa kumi kasorobo Bondeni ilisikia debe likilia na sauti nene ikinadi: "Wa daku! Wa daku! Amkeni, gari inatoka! Hakuna kungoja abiria!" Watoto walicheka mpaka wakamwaga uji. Kufikia wiki ya pili hakuna aliyejisumbua kutega kengele ya simu. Dereva yupo, walisema, na dereva huyu hachelewi. Wakampa jina: Dereva wa Daku.

Sifa ni tamu, lakini haifumbi jicho. Alikonda. Siku moja karibu na Njoro gurudumu la kushoto lilionja majani kabla hajashtuka, na hofu ilimshika ikakaa naye siku nzima. Siku ya ishirini ya mwezi, baada ya kufuturu, alimwambia mkewe.

"Nitachukua trela. Mchana umenikataa, Kulu. Kama silali usiku, nitaua mtu kwa ngano ya elfu kumi na tatu. Heri niwe macho usiku kwa ishirini na tano."

Kuluthum alikuwa akikosha sufuria. Hakugeuka.

"Wewe ndiye unaujua mwili wako," alisema. "Na kiwanja kitaisha haraka."

Alisema vizuri, kama mke mwema. Lakini alisugua sufuria ile hadi ikaonyesha uso wake, na uso wenyewe ulikuwa na huzuni. Nasrudin aliona, akachukua kofia yake akaenda tarawehe.

Siku ya ishirini na nne mvua ilinyesha Njoro. Isuzu ilizama kwenye tope la shamba hadi ekseli, ikiwa na magunia yote mgongoni. Nasrudin na wapakiaji walichimba kwa jembe, wakatandika matawi, wakasukuma, wakachimba tena, naye amefunga na koo limekauka. Alirudi magharibi akiwa udongo mtupu. Akafuturu, akasali tarawehe akiyumba, kisha akajitupa kitandani.

"Nanyoosha mgongo tu," alisema.

Alipofumbua macho, muadhini alikuwa akiadhini alfajiri.

Aliruka kama aliyeona nyoka. Debe lilikuwa mlangoni, spana juu yake. Nje palikuwa kimya, kimya cha mtaa mzima uliolala na njaa yake. Kisha milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, na malalamiko yakaanza. Hakuna aliyekula. Kuna nyumba iliyokuwa imeweka biriani ya jana maalumu kwa daku, na mwenye biriani ndiye aliyepiga kelele zaidi. Ni kweli daku ni sunna tu na saumu haiharibiki bila hilo, lakini mwambie hayo mtu anayeitazama biriani yake saa kumi na moja na nusu!

"Dereva, gari limetuacha!" walimpigia kelele akienda msikitini. Nasrudin aliomba radhi nyumba kwa nyumba, kofia mkononi. Mzee Ishak akakata shauri: mkosaji ataufuturisha mtaa.

Jioni ile alirudi na gunia la viazi vya Njoro. Kuluthum na majirani walimenya, wakapika viazi vya nazi, uji wa pilipili na kaimati, mikeka ikatandikwa uani. Watu walikula, wakamsamehe, wakamtania tena hadi machozi. Najwa alimwigiza baba yake akikoroma, na hata mwenye biriani alicheka.

Watu walipotawanyika, Nasrudin alikaa kwenye kigoda akisaidia kukusanya bakuli.

"Sijui ilikuwaje," alisema. "Miaka saba sijawahi kulala usiku kama ule. Hata ndoto sikuota."

"Najua," Kuluthum alisema. "Nilikuwa macho."

Nasrudin akamtazama.

"Saa tisa na nusu niliamka kupasha daku. Nikakuta umelala. Mkono huku, mguu kule, unakoroma. Nikasema nikuache dakika tano. Nikachukua debe nikaliweka mapajani, nikakaa. Ikafika saa kumi, nikalirudisha mlangoni. Nikajua watu watashinda na njaa, na dhambi ni yangu. Sikuweza, Nasru. Tangu Najwa ana miaka sita sijawahi kukuona umelala usiku."

"Na wewe ulikula?"

"Ningekulaje? Ungesikia sahani."

Nasrudin aliweka bakuli chini. Siku nzima alikuwa ameomba radhi kwa aibu, kumbe lile lililotokea halikuwa la kuombewa radhi. Moyo ulimjaa hadi akakosa pa kuutia. Alitoa simu akampigia Balwant pale pale, bakuli chafu zikiwa miguuni.

"Boss, ile trela mpe dereva mwingine, mpe Kipketer. Mimi niachie Isuzu."

"Umefikiria pesa vizuri?"

"Nimefikiria. Kiwanja hakina miguu, kitatungoja."

"Mimi niliacha usiku nikiwa na miaka hamsini," Balwant alisema. "Wewe umeniwahi. Kesho uje mapema, mashine zinavuna shamba la juu."

Usiku ule, saa kumi kasorobo, debe lililia tena Bondeni. Lakini watu waliokaa kitandani kusikiliza walitazamana gizani, kwa sababu sauti ilikuwa ya mwanamke. "Wa daku! Wa daku! Gari inatoka!" Kuluthum aliupita mtaa wote, leso kichwani, spana mkononi, hata kwa mwenye biriani akagonga mara mbili. Taa zilipowaka zote alirudi nyumbani, akaliweka debe chini polepole, akaingia chumbani kumwamsha abiria wa mwisho kwa mkono.