Katiba ya Saba Iko Njiani

Hakuna hadithi ya kweli kuliko hii katika milima yote ya Nepal, ingawa aliyeileta sokoni mara ya kwanza alikuwa amelewa hata akamwamkia mbuzi. Asubuhi ile Dilsari Pun alikuwa amechuchumaa kwenye kitalu cha ulezi, anang'oa miche na kuifunga mafungu kwa nyasi, kila fungu mizunguko miwili na kijifundo pembeni, kama alivyofundishwa na mama yake. Kaka yake Narjit akapita na maksai wake.

"Usijisumbue," akamwambia. "Shamba la baba nalipanda lote mwaka huu."

"Lote, kaka? Na nusu yangu?"

"Nusu yako bado iko njiani."

Hapo hakusema uongo. Nchi ile imeandika katiba saba katika muda ambao msonobari mmoja haujanenepa kiasi cha kutoa mbao. Kila katiba hutangazwa mji mkuu kwa mizinga na maua, kisha hutiwa kwenye tenga, mpagazi akapitisha ukanda kwenye paji la uso, na safari ikaanza. Bondeni kwenye mto, penye ndizi na mpunga, hufika wino haujakauka. Penye mahindi hufika baada ya miaka. Penye ulezi huchelewa zaidi. Na kule juu kabisa, penye shayiri na ng'ombe wenye manyoya marefu, aghalabu hufika imeshakufa, na wazee huizika kwa heshima na kukaa kungoja nyingine.

Kijiji cha Kaledanda kiko penye ulezi, kwa hiyo kilikuwa bado kwenye katiba ya tano. Watoto wa shule waliimba kila asubuhi kumtakia mfalme maisha marefu, hali kule mtoni hapakuwa na mfalme tena. Mwalimu alipotoka sokoni na chumvi yake alianza safari akiwa mwananchi wa jamhuri, akivuka daraja la pili anakuwa mtumishi mtiifu wa mfalme, na akishuka anarudia hali yake. Hakuna aliyeona ajabu. Hata masikio huziba mtu akipanda.

Kitu kimoja tu cha katiba ya saba kilikuwa kimeshafika Kaledanda, nacho ni kiti cha mwenyekiti wa kata, alichokikalia Narjit. Watu walipouliza kiliwahije, alijibu, "Kiti ni chepesi. Mashamba ndiyo mazito." Wakaona ni sawa. Mwaka huohuo maporomoko ya udongo yalimchukulia mwavuli wake mweusi wenye mpini wa pembe ya nyati. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na aliulilia kuliko alivyomlilia baba yao.

Baba aliuguzwa na Dilsari. Alimlisha, akamgeuza, akamfulia. Narjit alikuja siku ya kugawana masufuria. Sasa katiba ya saba ilisema mtoto wa kike na wa kiume wana haki moja katika urithi, lakini desturi ya Kaledanda ilisema anayetia miche ardhini kwa mvua za kwanza ndiye mwenye shamba. Na mvua zilikuwa zimeshaanza kunguruma upande wa kusini. Dilsari akaacha mafungu yake kitaluni, akachukua tenga na ukanda, akashuka kuifuata sheria.

Alipofika penye mahindi alijihisi mwepesi. Mtoni, askari wa darajani alimpigia saluti.

"Karibu, mwenye shamba! Ulezi unaendeleaje?"

"Unanijua?"

"Huku tunakujua, mama. Kuanzia jiwe jeusi mpaka kwenye chemchemi, lako. Kaa hapa ulifaidi."

"Nitalifaidije nami niko huku na lenyewe liko kule?"

"Hapo sasa," akasema askari, akatazama maji. Halafu akamwelekeza kwenye mgahawa wa chai kule penye mahindi, nyuma ya ghala. Mpagazi wa katiba aliingia humo, akasema, na hajaonekana kutoka.

Mpagazi aliitwa Harkaman. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenenepa vizuri. Nje, tenga lake lilikuwa limeegemezwa juu ya fimbo ya wapagazi, ile wanayoitia chini ya mzigo wakitaka kuvuta pumzi. Fimbo ilikuwa imeota majani. Ndani ya tenga, kuku alikuwa akilalia mayai juu ya haki za msingi.

"Mzee, umepumzika tangu lini?"

"Jana tu, binti yangu."

"Mbona fimbo imechipua?"

"Udongo wa hapa mzuri."

"Na mtungi huo wa pombe, na nyama kavu hiyo, nani anakuletea?"

"Watu wema. Magoti yangu yana rafiki huko juu."

Dilsari alimwondoa kuku kwa adabu, akafunua kitabu. Ibara ya urithi ilikuwepo. Sura ya wenyeviti wa kata ilikuwa imekatwa kwa wembe, safi kabisa. Akakitia kitabu kwenye tenga lake, akapitisha ukanda kwenye paji la uso, akaanza kupanda. Harkaman naye akafuata nyuma, na kitu kirefu kwapani kilichofungwa kwenye gunia. Alikuwa na madai yake: mtungi wa mwezi ule ulikuwa haujafika.

Kitabu kilizidi uzito kadiri walivyopanda. Kwenye daraja la pili kilikuwa kama ndama. Penye misonobari kilikuwa kama mama yake ndama. Ibara ya urithi peke yake ilimvuta nyuma kama beberu asiyetaka kuuzwa.

"Umebeba nini, dada?" aliuliza mtu waliyepishana naye.

"Shamba langu."

"Ndiyo maana," akasema yule, akapita.

Walipovuka lango la mawe la Kaledanda mvua ilikuwa inanyesha. Shuleni watoto waliokuwa wakimwimbia mfalme walinyamaza katikati ya ubeti, wakaanza wimbo mwingine. Shamba lilichongwa ngazi ngazi mlimani, na Narjit alikuwa kwenye ngazi ya mwisho, tope mpaka magotini, na mkononi ana fungu la mwisho la miche. Nyasi ilikuwa imezungushwa mara mbili, na kijifundo pembeni.

"Sheria imefika," akasema Dilsari, akitua mzigo.

Narjit akaisimika ile miche kwanza, ndipo akanyoosha mgongo.

"Karibu yake, ipewe maji. Ila imekuta shamba limeshapandwa. Sheria ya leo haiwezi kung'oa mche wa jana."

"Wa jana? Si huo umeutia sasa hivi, nakutazama!"

"Basi msimu ujao, mdogo wangu." Majirani waliokuwa wakipanda miche kwenye ngazi za chini wakatikisa vichwa kukubali. Mche ukishaingia ardhini umeingia. "Ningejua iko karibu, si ningeshuka mwenyewe kuipokea? Miungu yote mashahidi, kitabu hiki sijawahi kukitia machoni. Wala huyu mzee simjui."

Mvua ikazidi. Harkaman akafungua gunia lake, akatoa mwavuli mweusi wenye mpini wa pembe ya nyati, akaukunjua juu ya kichwa cha Narjit kwa heshima zote.

"Shika, mwenyekiti," akasema. "Uliusahau siku ile uliyokuja na wembe."